Upanga wa Vidole Sita

Mtu mmoja amepanda jabali la pwani kwa mikono yake. Kamba aliyokuwa akipandia imekatwa, bahari iko chini inapiga miamba, na juu ukingoni anasubiriwa na mtu mwenye upanga aliyeachiwa kazi moja tu, kumuua akifika. Anafika. Amevaa nguo nyeusi na kinyago, anahema, mikono imekufa ganzi. Yule muuaji anamtazama, kisha anamwambia akae apumzike kwanza. Hawezi kupigana na mtu aliyechoka.

Wakati wa mapumziko wanaongea kama abiria wawili wanaongoja basi. Muuaji anamuuliza mwenzake kama kwa bahati mkono wake wa kulia una vidole sita. Una vitano. Basi anaanza kumsimulia habari za marehemu baba yake, fundi wa kufua panga, na masimulizi yakiwa katikati anauchomoa upanga wake alani na kumkabidhi adui autazame.

Hapo ndipo mimi husimamisha filamu. Upanga uko mikononi mwa mtu ambaye baada ya dakika chache utatumika kumchoma. Angeweza kumaliza kila kitu papo hapo. Badala yake anaupitishia macho kuanzia mpini hadi ncha, taratibu, kwa adabu ya mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe, anakiri kwamba hajawahi kuona mfano wake, na anaurudisha kwa mwenyewe. Wote wawili wanajua panga, na wanachokiona pale hakiwaruhusu kufanya uhuni.

Filamu ni The Princess Bride, iliyoongozwa na Rob Reiner na kutoka mwaka 1987. Mwenye kinyago ni Westley, aliyeigizwa na Cary Elwes. Mwenye upanga ni Inigo Montoya, Mhispania, aliyeigizwa na Mandy Patinkin. Jabali lenyewe, kwa atakayetaka kulitafuta, ni Cliffs of Moher, magharibi mwa Ireland. Kabla ya filamu kulikuwa na riwaya ya jina hilohilo, aliyoiandika William Goldman mwaka 1973, na huko ndiko upanga huu ulikofuliwa.

Hadithi za kubuni zina panga nyingi mashuhuri. Excalibur wa Mfalme Arthur, katika simulizi moja, ulitolewa na bibi wa ziwani. Andúril wa Aragorn, katika vitabu vya Tolkien, ulifuliwa upya kutokana na vipande vya upanga wa kale, kazi ya mhunzi mmoja mbilikimo aliyeitwa Telchar, na jua na mwezi vilichorwa juu yake. Stormbringer, upanga mweusi wa Elric katika hadithi za Michael Moorcock, una roho yake wenyewe na hunywa roho za watu hata mwenyewe asipotaka. Panga hizi zina nguvu zilizotoka mbali: ziwani, kwa mizimu, kwa wafalme wa zama zilizopita.

Upanga wa Inigo hauna lolote la namna hiyo. Hauwaki adui akikaribia, hausemi, haumlindi mtu na kifo. Ni feleji tu, iliyopigwa nyundo mwaka mzima na mtu wa kijijini ambaye hakuna aliyemjua. Nami nashikilia kwamba katika panga zote za hadithi, huu ndio mkubwa kuliko zote, kwa sababu ndio pekee ninaoujua ambao nguvu yake ni deni. Kuna kazi ilifanyika na haikulipwa.

Goldman aliipanga riwaya yake kwa ujanja. Alijifanya kwamba yeye anafupisha tu kitabu cha kale cha mwandishi aitwaye S. Morgenstern, kutoka nchi iitwayo Florin, jirani na hasimu yake Guilder. Hakuna Morgenstern, na Florin na Guilder ni majina ya sarafu za zamani za Ulaya. Lakini Inigo hatoki katika nchi hizo za sarafu. Anatoka Hispania, nchi ya kweli, katika kijiji cha kubuni kiitwacho Arabella, na baba yake anaitwa Domingo.

Domingo Montoya ni fundi ambaye kila mmoja wetu amewahi kumwona mtaani. Nywele timtim, karakana haina mpangilio, chakula anakumbushwa na mtoto. Huko Madrid kuna mfua panga maarufu, Yeste, tajiri na mnene, na wakubwa wote humwendea yeye. Yeste akiletewa kazi inayomshinda, hupanda vilimani usiku hadi kwa Domingo, humbembeleza, na Domingo huifanya. Sifa hubaki Madrid. Yeste amemwomba mara nyingi ahamie mjini wafanye biashara pamoja, na Domingo hataki. Anataka kazi ngumu tu. Jina halimnyimi usingizi.

Kisha siku moja anafika mgeni, bwana mkubwa mwenye farasi na mavazi ya fahari, anayetaka upanga unaomfaa mkono wake. Anaunyosha mkono wa kulia. Una vidole sita.

Kwetu kidole cha sita si jambo la kustaajabisha sana. Watoto wengi huzaliwa nacho, pembeni ya kidole cha mwisho, na mara nyingi hufungwa uzi siku za mwanzo kikakauka na kudondoka. Huyu hakufungwa uzi. Kidole chake kilikua, kikawa na nguvu, na sasa kila upanga anaoushika ni wa mkono wa mtu mwingine.

Msomaji anaweza kudhani hii ni nakshi ya hadithi tu. Lakini fikiria panga zenyewe. Zile nyembamba na ndefu za Ulaya ya karne ya 16 na 17 zilikuwa na ubapa wa karibu mita moja na uzito wa kilo moja na kitu. Kilo moja si nzito mpaka uishike kwa mkono ulionyooshwa mbele, dakika kumi, huku mtu anataka kukuua. Kwa hiyo kazi yote ya mfua panga huhusu mizani. Kitako cha mpini huwekewa uzito ili kivute nyuma kile ambacho ubapa unavuta mbele, na mahali pa mizani pawe karibu na kinga ya mkono. Pakisogea mbele kidogo, ncha inakuwa nzito na mkono unachelewa. Pakirudi nyuma, ncha inaelea, haina kishindo.

Na vinavyoiongoza ncha ni vidole. Mabwana wa zamani walipitisha kidole cha shahada mbele ya kinga, kikalala juu ya chuma chenyewe, ili waihisi ncha kama mtu anavyoihisi ncha ya kalamu. Vidole vingine vina kazi zake: hiki kinabana, hiki kinalegeza, hiki kinasukuma. Ongeza kidole kimoja na mpini sharti urefuke. Mpini ukirefuka, kitako kinasogea. Kitako kikisogea, mizani yote ya ubapa inavurugika, na fundi anarudi mwanzo. Goldman alilijua hilo. Domingo haajiriwi kutengeneza mpini mpana. Anaajiriwa kutengeneza upanga ambao haujawahi kuwapo, kwa hesabu ambayo hakuna aliyewahi kuipiga.

Sisi wenyewe tuna majina mengi ya silaha za makali. Kuna upanga, kuna kitara kilichopinda, kuna jambia la kiunoni, kuna sime. Upanga nao, ukiuvua ile herufi ya kwanza, unabaki panga la kukatia kuni. Lakini feleji ni neno la pekee, maana ni jina la chuma bora na pia la upanga uliofuliwa kwa chuma hicho. Mtu aliyeliunda neno hilo hakutenganisha silaha na kazi ya mhunzi. Domingo angelipenda.

Mwandishi akimweka mfua panga Hispania, msomaji wa Ulaya hufikiria Toledo. Mji huo uko juu ya kilima, mto Tajo umeuzunguka pande tatu, na kwa karne nyingi panga zake zilitafutwa kotekote. Mafundi wake walikuwa na mtindo wa kuweka chuma laini ndani, kama moyo wa mti, na kukifunika kwa chuma kigumu pande zote mbili. Kigumu kinatunza makali. Laini kinauzuia upanga usivunjike unapopindwa. Mwaka 1761 Mfalme Carlos III aliamuru kijengwe kiwanda cha kifalme cha panga mjini humo. Jengo lake, lililokamilika mwaka 1780, leo ni kampasi ya chuo kikuu, na wanafunzi wanapita palepale yalipokuwa matanuri.

Kazi yenyewe haina siri, ina ugumu tu. Chuma kinatiwa moto hadi kiwe chekundu, kinawekwa juu ya fuawe, kinapigwa, kinarudi motoni, kinapigwa tena. Ubapa ukishapata umbo, unatiwa moto wa nyuzi kama 800 na kuchovywa ghafla majini au kwenye mafuta. Sasa ni mgumu kupita kiasi, ukiuangusha sakafuni unaweza kupasuka kama kioo. Kwa hiyo unarudishwa kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hadi 300, na hapa fundi hana kipimo ila jicho. Chuma kilichosuguliwa kinabadilika rangi: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Kila rangi ni ugumu wa namna yake, na inapita upesi. Ukichelewa umeharibu kazi ya miezi.

Domingo alikaa katika hali hiyo mwaka mzima. Goldman anaueleza mwaka huo kwa kupanda na kushuka: siku moja fundi ana furaha isiyo kifani, siku inayofuata amekata tamaa, anaiona kazi yake kuwa takataka. Inigo, mtoto wa miaka kumi asiye na mama, anamtazama na kumtunza. Sijasoma maelezo ya kazi ya mikono yanayokaribia haya kwa ukweli, na nasema hivyo kwa sababu nimelelewa karakanani.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Nilipokuwa darasa la tano, mteja mmoja aliagiza kitanda cha futi tano kwa sita, mninga mtupu, kichwa chake kichongwe maua. Aliacha theluthi ya bei ya kununulia mbao. Baba alikaa na kitanda hicho wiki sita. Maua ya kwanza aliyachonga, akayatazama siku mbili, akaukata ule ubao na kuanza upya, mbao mpya kwa fedha yake mwenyewe. Jioni alikuwa akituita tupitishe viganja juu ya mbao tumwambie kama tunahisi mkwaruzo. Nakumbuka harufu ya vanishi na ile rangi ya mninga inapolowa, nyekundu inayoelekea dhahabu.

Mteja alikuja na pikapu. Alikizunguka kitanda, akapitisha mkono kwenye maua, akatabasamu. Kisha akasema hali ni ngumu, mzee wangu, chukua hii, na akatoa nusu ya fedha iliyobaki. Baba alikitazama kitanda, akatutazama sisi. Tulikuwa wanne, na muhula ulikuwa unafunguliwa. Akapokea. Akasaidia hata kukipakia. Pikapu ilipoondoka alirudi mezani, akachukua randa, akaanza kuranda ubao ambao alikwisha kuuranda asubuhi.

Kwa hiyo nilipofika mahali ambapo yule bwana mkubwa anarudi kuchukua upanga wake, nilijua kinachokuja kabla sijakisoma. Katika filamu maneno ni machache. Mwenye vidole sita anarudi na kuudai upanga kwa sehemu moja ya kumi ya bei aliyoahidi. Domingo anakataa. Yule bwana, bila kusema neno, anamchoma moyoni.

Watu wengi huiita hii hadithi ya kisasi. Ni hadithi ya malipo kwanza. Tazama kilichotokea: tajiri ameagiza kitu ambacho hakuna mwingine duniani anayeweza kukifanya, amekipata, na kwa kuwa kimefanywa na mtu wa kijijini mwenye nguo za masizi, anaamini bei yake inaweza kupunguzwa pale mlangoni. Hakuusema upanga kuwa mbaya kwa kuwa ni mbaya. Aliushusha thamani kwa sababu aliyeufanya hakuwa na mtu wa kumtetea. Na Domingo, ambaye miaka yote alimwachia Yeste sifa zake bila kinyongo, hapa alisimama. Jina wangeweza kumchukulia. Ile kazi yenyewe, hapana.

Simlaumu baba yangu kwa kupokea. Alikuwa na watoto wanne wa kusomesha, na Domingo alikuwa na mmoja, ambaye kwa ule ukaidi alibaki yatima. Lakini mtu aliyemwona baba yake akipokea nusu ya fedha hawezi kuusoma ukurasa ule kama wengine.

Mtoto alimwita muuaji wapigane. Alishindwa, bila shaka. Yule bwana alimwacha hai na kumchora mashavu yote mawili, kovu huku na kovu huku. Upanga haukuchukuliwa. Ukabaki kwa mtoto mwenye vidole vitano, uliotengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu aliyemuua baba yake. Hakuna urithi mzito kuliko huo. Kila anapoushika, mpini unamkumbusha mkono mwingine.

Yeste alimchukua Madrid akakaa naye miaka miwili, kisha kijana akaondoka. Alitumia miaka kumi akijifunza upanga kwa yeyote aliyekuwa na la kumfundisha, na aliporudi alimwomba Yeste ampime. Alitaka kujua kama amefikia ubwana wa upanga, daraja la juu kabisa. Yeste akamwambia hapana, yeye si bwana. Juu ya ubwana lipo daraja jingine ambalo watu wamelisahau kwa kuwa miaka mingi hajatokea wa kulikalia. Goldman analiita kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni mchawi, na sisi hatuhitaji kufafanuliwa: tunamwita hivyohivyo mchezaji ambaye mpira unamtii. Inigo alikuwa mchawi wa upanga.

Na uchawi wote huo haukumsaidia kumpata mtu mmoja. Hakujua jina lake. Alikuwa na alama moja tu, vidole sita, na dunia nzima ya kutafuta. Mwisho akaangukia pombe, na tunapokutana naye jabalini amekuwa kibarua wa mhalifu wa Sisilia, anaua watu ili apate riziki. Mkono bora duniani, upanga bora duniani, na kazi chafu.

Pambano linalofuata pale jabalini huwa linatajwa na wapenzi wa filamu kila wanapozungumzia mapigano bora ya upanga. Linachukua kama dakika tatu. Kabla ya hapo wacheza filamu wale wawili walifundishwa na Bob Anderson na Peter Diamond. Anderson alikuwa mtu wa mchezo huu kwelikweli: aliiwakilisha Uingereza katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akaja kuwa ndiye anayepigana ndani ya vazi jeusi la Darth Vader, na baadaye alifundisha upanga kwenye filamu za The Lord of the Rings. Aliwataka Patinkin na Elwes wajue mikono yote miwili. Pambano linahitaji hivyo, maana Inigo anaanza kwa mkono wa kushoto, ambao si mkono wake, ili burudani isiishe upesi, na anapozidiwa anahamishia upanga kulia. Anagundua kwamba mwenzake naye alikuwa akifanya vilevile. Ukiondoa mizunguko ya sarakasi, yote unayoyaona waliyafanya wao wenyewe.

Wakipigana wanatajiana majina, na hapa Goldman amefanya kitu ninachokipenda. Majina ni ya watu wa kweli. Camillo Agrippa alikuwa mhandisi, na mwaka 1553 alichapisha Roma kitabu kilichopunguza namna za kujikinga zikawa nne, akizieleza kwa jiometria. Ridolfo Capo Ferro alitoa chake Siena mwaka 1610. Girard Thibault wa Antwerp alichora duara chini, lililopimwa kwa urefu wa mchezaji mwenyewe, akapanga kila hatua ndani yake, katika kitabu kikubwa kilichotoka baada ya kufa kwake. Rocco Bonetti, Mwitaliano, alifundisha London mwishoni mwa karne ya 16. Wanachokifanya waigizaji kwa miguu na mikono hakifuati sana vitabu hivyo, na haidhuru. Wanaongea kama mafundi wawili waliokutana safarini, kila mmoja akitambua shule aliyopitia mwenzake kwa namna anavyoshika chombo. Ni furaha adimu, na Inigo hajaionja miaka mingi. Anashindwa. Westley anakataa kumuua, kwa kuwa hawezi kuharibu kitu kilichofanyika vizuri hivyo, na anampiga tu kichwani azimie.

Mwenye vidole sita anapatikana hatimaye. Ni Count Rugen, mshauri wa mwana wa mfalme wa Florin, na aliigizwa na Christopher Guest kwa ubaridi wa mtu anayeandika takwimu za maumivu ya wengine daftarini. Inigo anamfikia ndani ya kasri, na Rugen, badala ya kupigana, anakimbia. Kisha anageuka na kurusha kisu kinachomwingia Inigo tumboni. Inigo anateleza ukutani, anamwomba marehemu baba yake amsamehe. Rugen anasogea amalize. Upanga unainuka, kwa shida, unakinga. Mchomo uliokusudiwa moyoni unaishia begani. Wa pili, bega la pili.

Halafu anasimama. Ana sentensi moja aliyoikariri tangu utotoni kwa ajili ya siku hii: jina lake, kosa la yule aliye mbele yake, na kinachomngoja. Anaitamka kwa sauti ya mgonjwa. Anairudia, sauti imepanda. Anairudia tena na miguu inasogea mbele, na kila anaporudia Rugen anarudi nyuma. Anamchora shavu moja, kisha la pili, kovu kwa kovu.

Na sasa tazama anachokidai. Amemweka ukutani, na kabla ya kumuua anamwamuru aahidi malipo. Aahidi fedha. Rugen anaahidi. Aahidi na mamlaka. Anaahidi. Aahidi kila atakachoombwa. Anaahidi hicho pia. Yule aliyeleta sehemu moja ya kumi mlangoni mwa fundi sasa anatoa vyote bila kuulizia bei. Wazee husema dawa ya deni ni kulipa. Inigo anamtajia kinachodaiwa, ambacho ni baba yake arudi, na hakuna hazina yenye kitu hicho. Upanga unaingia.

Mandy Patinkin ameeleza mara nyingi kilichokuwa moyoni mwake siku ile. Baba yake alifariki kwa saratani ya kongosho mwaka 1972, Patinkin akiwa kijana. Aliposoma hadithi ya Inigo aliona kwamba akimpata mwenye vidole sita, atakuwa ameipata ile saratani. Kabla ya kurekodi pambano la mwisho alitembea peke yake kwenye kasri walilokuwa wakipigia picha, akizungumza na baba yake. Mwaka 2021 binti mmoja aliyefiwa na baba kwa saratani aliuliza mtandaoni kama habari hiyo ni ya kweli, kwa kuwa filamu ile walikuwa wakiipenda pamoja. Patinkin alimjibu kwa video, akilia, kwamba ni kweli. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Sioni ajabu kwamba upanga wa kubuni uliweza kubeba uzito huo. Excalibur usingeubeba. Huwezi kumlilia bibi wa ziwani. Upanga wa Domingo unabeba kwa sababu ndani yake kuna baba ambaye kila mtu anaweza kumweka wake: aliyekesha, aliyesahau kula, aliyefanya kitu vizuri kuliko alivyohitajika kukifanya.

Baada ya yote, Inigo anafika kwenye dirisha la kasri. Chini, rafiki yake Fezzik, lile jitu lenye moyo laini, ameleta farasi wanne weupe. Wenzake wana haraka ya kuruka. Yeye amesimama, damu inamvuja, na anamwambia Westley kwamba kazi ya kisasi ameifanya muda mrefu mno, na sasa imekwisha, na maisha yaliyobaki hajui ayafanyie nini. Westley anampa wazo la kwenda kuwa haramia. Inigo hajibu neno. Uso wake pale dirishani naufahamu. Nimeuona karakanani, kila mara kazi kubwa ilipobebwa na kuondoka, sakafu imejaa maranda ya mbao, na baba amesimama katikati randa mkononi, akitazama pembe moja hadi nyingine.